Vizimba vya sato Kayenze: shajara ya miezi 9 bila mwenye mradi

17 Februari 2024

Mradi: vizimba 4 vya sato ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza. Kila kizimba ni mita 6 kwa 6, fremu ya mabomba ya chuma juu ya mapipa 12 ya plastiki ya lita 200, wavu umezama mita 3. Kina cha maji hapo ni mita 9, kwa hiyo kutoka kitako cha wavu hadi tope la chini kuna nafasi ya kutosha. Kwa kasia ni kama dakika 10 kutoka mwaloni, mitumbwi inapofikia nchi kavu. Mwenye mradi anaondoka Aprili kwenda Toronto, Kanada, na atakaa huko miezi 9.

Shajara hii ina kazi moja. Inaandika kila kitu kinachomtegemea yeye peke yake, na jinsi kilivyohamishwa kabla hajapanda ndege.

Kilimo cha simu, yaani kuendesha mradi kwa simu ukiwa mbali, kina sifa mbaya, na sifa hiyo hakikusingiziwa. Ila kwenye vizimba wizi hubebeshwa lawama kupita sehemu yake. Mfuko mmoja ukiibwa, samaki wanapunguza kukua. Chakula kikiisha Ijumaa na ruhusa ya kununua ikaja Jumatano, kizimba kizima kimekonda, na wiki zinazofuata chakula kinakwenda kurudisha uzito uliokwisha kulipiwa.

Leo tumepitia kazi moja moja kwa swali hili: mwenye mradi akizima simu sasa hivi, kazi hii inasimama baada ya siku ngapi? Kulisha haisimami, walishaji wapo wawili. Mafuta ya injini ya mtumbwi, siku 4. Chakula, siku 9, kwa sababu fedha ziko kwenye laini yake ya simu. Mishahara, mwisho wa mwezi. Kuuza, siku hiyo hiyo mnunuzi akifika. Vibali, siku yoyote ofisa atakaposhuka mwaloni akaomba kuviona, maana vyote viko kwenye kabati nyumbani kwake na ufunguo anatembea nao.

Idadi ya siku ndiyo imetupangia kazi. Kinachosimama mapema kinahamishwa kwanza.

24 Februari

Fedha. Wazo la kwanza la kila mtu ni kumwachia msimamizi laini na namba ya siri. Tumelikataa. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole za mwenyewe. Namba ya siri ikikosewa mara chache inafungwa, na wa kuifungua ni yule mwenye kidole. Simu ikiangukia majini ni hivyo hivyo. Halafu kuna ubaya usioonekana haraka: malipo yote yanatoka kwa jina la mtu ambaye hayupo, na ukitokea ubishi juu ya muamala hakuna wa kuutetea.

Tumefungua akaunti ya kikundi. Watia saini ni watatu, saini mbili zinatosha kutoa fedha. Mwenye mradi ni mmoja wa watatu hao. Wengine ni msimamizi wa vizimba na mtunza daftari, ambaye anaishi Kirumba, Mwanza mjini, na hana kazi ziwani. Hilo la mwisho ni la makusudi: anayeandika matumizi asiwe yule anayetumia. Karatasi zilizohitajika ni muhtasari wa kikao, nakala za vitambulisho, picha na barua ya serikali ya mtaa. Anza mapema. Karatasi moja ikikosewa tarehe unarudi mwanzo wa foleni.

Fedha za mwezi mmoja zinakaa kwenye simu ya msimamizi kwa matumizi madogo. Hazijazwi tena mpaka risiti za mwezi uliopita zimefika Kirumba.

13 Machi

Leo limeisha jaribio la ukimya. Kuanzia tarehe 4 hadi leo, siku 10, mwenye mradi hakupokea simu ya mradi wala kujibu ujumbe, ingawa alikuwa Nyegezi tu. Kizimba namba 2 bado kilikuwa na samaki wa msimu uliopita, kwa hiyo kazi ilikuwepo ya kweli. Kila swali lililokosa wa kulijibu liliandikwa. Yamefika 11.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha: ufunguo wa pili wa ghala uko wapi, na yule fundi wa injini wa Igombe anaitwa nani. Matatu yalikuwa mazito.

La kwanza: mlishaji alikuta samaki hawapandi kula asubuhi. Akaogopa kuacha kulisha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Akamwaga kilo 14 na zikaelea zote. La pili: kamba moja ya nanga ilikuwa imelika hadi nusu, na mpya ilikuwa ndani ya ghala hilo hilo, ila msimamizi alidhani imenunuliwa kwa kazi nyingine. La tatu: alikuja mtu akitaka kilo 200, akasubiri nusu saa, akaondoka.

Ukitaka kujua mradi wako unashikiliwa na nani, nyamaza siku 10 ukiwa bado karibu. Kikao kizima cha mipango kisingeleta swali la kamba.

16 Machi

Kutokana na yale maswali 11 tumegawa maamuzi mafungu matatu na kuyabandika ndani ya mlango wa ghala.

Fungu A, fanya kisha andika: kuacha kulisha, kutoa mizoga, kushona wavu, kubadili kamba, kuagiza chakula ghala likibaki na akiba ya siku 14, kumpeleka mgonjwa hospitali. Hapa kuomba ruhusa ndilo kosa.

Fungu B, taarifu kisha subiri saa 24: kununua wavu mpya, kutengeneza injini, kuajiri mtu wa muda, kusogeza kizimba. Ujumbe unaeleza tatizo, gharama na siku ya kuanza. Saa 24 zikipita bila jibu, kimya ni ruhusa.

Fungu C, mwenye mradi tu: kuuza, kukopa, kuongeza vizimba, kubadili mbegu ya vifaranga.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya maneno "kimya ni ruhusa". Mwenye mradi alitaka iwe kinyume, asipojibu basi isifanyike. Tuliweka mbele yake mfano wa wavu. Ukipasuka leo na yeye yuko kwenye ndege, katazo lake la kimya linagharimu samaki 6,000, na ruhusa yake ya kimya inagharimu bei ya wavu. Akakubali, kwa sharti kwamba fungu B liwe na kikomo cha fedha kwa mwezi. Sharti la haki.

30 Machi

Makaratasi. Nakala za leseni, kibali cha kutumia maji na nyaraka za mazingira ziko kwenye bahasha ya nailoni ghalani, na seti nyingine iko Kirumba. Barua ya uwakilishi imeandikwa na kuthibitishwa na wakili, ikimtaja msimamizi kuwa anaweza kupokea wakaguzi, kusaini taarifa za mwezi na kuhuisha vibali. Tarehe za mwisho wa kila kibali zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye jalada la daftari. Kibali kilichoisha muda hakipigi kelele.

Kanuni ya wawili: hakuna kazi inayojulikana na mtu mmoja. Kujua hapa maana yake umeifanya kwa mikono yako, mwenzako akitazama bila kukusaidia. Kupima oksijeni, kukokotoa mlisho, kuwasha ile injini yenye uchokozi wake, kushona wavu chini ya maji, yote yamepita mikono miwili miwili. Ya mwisho kukamilika ilikuwa injini. Inataka ivutwe choki robo tu, na hilo lilikuwa halijaandikwa popote.

6 Aprili

Vifaranga 24,000 vimeingia, 6,000 kwa kila kizimba, wastani wa gramu 10. Walisafirishwa alfajiri kwenye mifuko yenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Mifuko imeelea kizimbani dakika 20 kabla ya kufunguliwa, ili joto la ndani na la ziwa lilingane. Wamewekwa kwenye wavu wa ndani wenye macho madogo. Watahamia wavu mkubwa wakivuka gramu 30.

Tumeanza na taarifa ya kila siku kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Saa 12 jioni mlishaji anamtumia mtunza daftari mstari mmoja wenye K na namba ya kizimba, kilo zilizolishwa, mkwaju (/), mizoga. Kisha J kwa joto la maji, U kwa uwazi wa maji kwa sentimita, G kwa mifuko iliyobaki ghalani. Uwazi unapimwa kwa sahani ya sentimita 20 iliyopakwa robo nyeusi na robo nyeupe, imefungwa kamba yenye mafundo. Unaishusha, na pale inapopotea machoni ndipo unaposoma. Bati na rangi, basi.

14 Aprili

Mwenye mradi ameondoka. Kwenye akaunti kuna fedha za chakula za miezi 3. Namba yake ya simu imetolewa kwenye mlango wa ghala na kuwekwa ya mtunza daftari.

15 Mei

Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani. Picha hazikwenda, simu za WhatsApp hazikushika, na jedwali la mtandaoni ambalo mwenye mradi alilipenda mno halikufunguka. Siku tatu Toronto hakuna kilichosikika kutoka Kayenze.

Mstari wa tarehe 12, kama ulivyofika Kirumba:

K1 12/1 K2 12/0 K3 11.5/3 K4 12/0 J26 U150 G31

Simu za kawaida na ujumbe mfupi vilikuwa vikifanya kazi, kwa hiyo daftari halina pengo hata la siku moja. Jedwali la mtandaoni limejazwa baadaye kutoka kwenye daftari. Huo ndio utaratibu kuanzia sasa: daftari ni asili, jedwali ni nakala. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilofunguka halina tofauti na lisilokuwepo.

18 Mei

Upimaji wa uzito. Samaki hawakulishwa tangu jana asubuhi, kwa sababu samaki aliyeshiba anaumia akishikwa. Samaki 50 kwa kila kizimba, wanapimwa ndani ya ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa uzito wake.

K1: waliingia 6,000, mizoga iliyoandikwa 240, wamebaki 5,760. Wastani gramu 50, jumla kilo 288. Kwa umri huu mlisho ni asilimia 4.5 ya uzito kwa siku, yaani kilo 13, mara tatu kwa siku. Hesabu hii imefanywa na walishaji wenyewe na mtunza daftari ameihakiki. Wakifika gramu 100 asilimia inashuka hadi 3.5, na wakifika 300 hadi 2. Jedwali la asilimia liko mlangoni. Asiyelijua huendelea na kilo zile zile mwezi mzima, na hapo ndipo chakula hupotea bila mwizi.

Ziwa limejaa mno mwezi huu. Maji yamefika kwenye msingi wa ghala la mwaloni, na ile mifuko iliyokuwa juu ya chaga ya sentimita 10 imeanza kunyonya unyevu. Mifuko 2 imeota ukungu. Imetupwa yote, hata ile sehemu iliyoonekana nzima, kwa kuwa sumu ya ukungu haionekani kwa macho. Chaga zimeinuliwa kwa matofali matatu na mifuko imeachishwa ukuta kwa sentimita 30. Kamba za nanga hazikukazika, kwa sababu zilifungwa zikiwa na urefu mara tatu ya kina. Aliyefunga fupi kuokoa kamba mwaka huu ameona fremu ikiinamia upande mmoja.

3 Juni

Kosa letu la kwanza la kweli. Ghala lilifika akiba ya siku 14, msimamizi akaagiza chakula kama fungu A linavyosema, fedha zikalipwa. Msambazaji akapokea fedha na kukataa kuachia mzigo. Jina la mteja kwenye vitabu vyake ni la mwenye mradi, na kwake yeye msimamizi ni mtu baki. Siku 6 zimepita kwa kupigiana simu.

Kwenye orodha ya Februari tuliandika yote yanayomtegemea mwenye mradi ndani ya mradi. Tulisahau upande wa nje, yaani watu wanaomjua yeye tu. Leo barua ya utambulisho yenye picha, namba za simu na mifano ya saini za watu wawili imepelekwa kwa msambazaji wa chakula, mzalishaji wa vifaranga, muuza barafu, fundi wa injini na uongozi wa mwalo. Kikundi cha usimamizi wa mwalo kilitushangaa kwamba hatukukipelekea tangu Aprili. Kilikuwa sahihi.

Akiba ya siku 14 ndiyo iliyotuokoa. Ingekuwa ya siku 5, samaki wangelala njaa.

22 Julai

Toka Juni upepo wa kusini-mashariki umekuwa ukivuma mfululizo. Upepo huo hupoza maji ya juu, yakiwa mazito yanazama na kuchanganyika na ya chini, na ya chini huja juu na oksijeni kidogo. Joto limeshuka kutoka 26 hadi 24. Tulilitarajia, na fungu la kuacha kulisha liliandikwa kwa ajili ya asubuhi kama ya leo.

Saa 12 asubuhi maji yalikuwa yametulia, rangi imegeuka kahawia yenye kijivu, sahani inapotea kwenye sentimita 70. Samaki wako juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Kipimo cha oksijeni: miligramu 3.9 kwa lita juu, 2.4 kwenye mita 3. Siku ya kawaida saa hiyo tunasoma karibu 6.

Mlishaji wa K1 hadi K3 hakufungua mfuko. Kusaga chakula tumboni kunataka oksijeni, na kumlisha samaki anayehema ni kumkaba. Vizimba vililegezwa kamba za upande wa nchi kavu ili vivutwe mita 40 kuelekea kwenye mkondo. Hiyo ni kazi ya fungu B, ila msimamizi hakusubiri, na tumekubaliana kwamba alifanya vizuri. Kusogeza kizimba wakati wa oksijeni ndogo kumehamia fungu A kuanzia leo.

K4 kililishwa. Mlishaji wa zamu alikuwa mgeni wa wiki mbili, alifika mapema, akamwaga kilo 18 kabla hajaangalia kipimo. Mizoga: K1 12, K2 9, K3 15, K4 127. Imezikwa kwenye shimo lenye chokaa mbali na maji.

Maandishi ya mlangoni yalisema usilishe samaki wakihema. Hayakusema pima kwanza. Sasa kipimo cha oksijeni kinakaa juu ya mifuko, ndani ya kopo la kupimia chakula. Huwezi kuchota bila kukishika.

Mwenye mradi alipata habari saa 10 zikiwa zimepita tangu tukio kwisha. Alipiga kutaka kujua kwa nini hakuulizwa. Alisomewa mistari ya muda na vipimo, akanyamaza kidogo, akauliza tu kama K4 imekula jioni.

14 Septemba

Suala la K3, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Wiki tatu sasa ujumbe wa K3 unakuja na neno "mabaki". Punje zinaelea bado dakika 15 baada ya kulisha, wakati K1 na K2 wanamaliza ndani ya dakika 8. Kutoka Toronto jibu lilikuja moja kwa moja: mlinzi anaiba chakula. Ndivyo umbali unavyofikiri. Aliye mbali hawezi kuona wavu, ila mtu anamkumbuka sura.

Hesabu inasema vingine. Chakula kikiibwa kabla hakijafika majini, samaki wanakua polepole na juu ya maji hakubaki kitu, kwa kuwa wanagombania kidogo kilichopo. Samaki wakipungua na wewe ukaendelea kulisha kwa idadi ya daftari, waliobaki wanashiba, wanakua kama kawaida au zaidi, na punje zinabaki. K3 leo: wastani gramu 287. K1: gramu 280. Mabaki K3 tu. Kwa hiyo chakula kinafika, samaki ndio hawapo.

Mzamiaji alikuta tundu la viganja viwili kwenye pembe ya chini ya wavu, pale kamba ya uzito inaposugua wavu mawimbi yakipiga. Kingo zake zimechanika nyuzi nyuzi, hazijakatwa kwa kisu. Fisi maji nao huchana, lakini wao mara nyingi huacha matundu kadhaa. Hili lilikuwa moja, mahali pa msuguano. Limeshonwa, na pembe zote 16 za vizimba vinne zimevalishwa kipande cha mpira wa tairi kati ya kamba na wavu. Ukaguzi wa pembe za chini sasa ni kila Jumamosi. Zamani ilikuwa "ukiona haja".

Mlisho wa K3 umeshushwa kwa moja ya tano. Mlinzi ameambiwa mbele ya wenzake kwamba hesabu imemsafisha. Kama asingeambiwa, angeondoka, na haki angekuwa nayo.

12 Oktoba

Fungu C limeanza kutukwaza. Wanunuzi wameanza kufika kuulizia samaki wa gramu 350. Anayekuja na gari na barafu saa 3 asubuhi anataka jibu kabla barafu haijayeyuka, na saa 3 hapa ni saa 8 usiku Toronto. Wawili wameondoka mikono mitupu mwezi huu.

Kuuza kunabaki kwa mwenye mradi, ila kwa namna nyingine. Kila Jumatatu mtunza daftari anapita soko la Mwaloni Kirumba, anaandika bei ya sato kwa ukubwa tatu, anatuma. Mwenye mradi anarudisha bei ya chini kwa kila ukubwa, na bei hiyo inasimama wiki mbili. Ikifika au ikipita, msimamizi anauza bila kumwamsha mtu. Chini ya hapo hapana, hata kwa shilingi 50. Nyingine: hakuna samaki kutoka kizimbani kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti ya kikundi. Ujumbe wa muamala kwenye simu ya mnunuzi hauhesabiki.

23 Novemba

Mavuno ya K1 yamekamilika kwa siku tatu, tangu tarehe 21. Samaki walifungishwa chakula saa 24. Wavu uliinuliwa upande mmoja pole pole, na walitolewa kwa nyavu za mkono usiku wa kuamkia asubuhi kukiwa na ubaridi. Barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, tabaka kwa tabaka.

K1: samaki 5,310, wastani gramu 405, jumla kilo 2,150. Chakula kilichotumika mifuko 135 ya kilo 25, yaani kilo 3,375. Ukitoa kilo 60 za vifaranga walizoingia nazo, kila kilo ya nyama imekula kilo 1.6 za chakula. Kwa ziwa lililopoa miezi miwili, tunaridhika.

K3 kilipohesabiwa tarehe 22 kilitoa samaki 4,310. Daftari lilisema 5,390. Tundu la viganja viwili lilitoa samaki 1,080, na neno "mabaki" lilikuwa limeandikwa wiki tatu kabla hatujalifuatilia. Safari ijayo mara mbili mfululizo inatosha kumshusha mzamiaji.

K2 na K4 watavunwa wiki ijayo, bei ikisimama.

14 Desemba

K1 na K3 vimejazwa upya tangu tarehe 7, vifaranga 6,000 kila kimoja. Mwenye mradi aliidhinisha mbegu ile ile kwa ujumbe wa maneno manne.

Yaliyobaki kwake peke yake hadi leo ni haya. Hati ya kiwanja cha ghala iko kwa jina lake na hakuna sababu ihame. Saini ya tatu ya benki haijatumika tangu Aprili. Kubadili mbegu na kukopa havijatokea. Kibali kimoja kinaisha Februari, na barua ya uwakilishi inatosha kukihuisha, tumeuliza.

Wavu wa K4 umeshonwa mara tatu tangu Septemba, na nyuzi za upande wa mashariki zinakatika kwa kidole. Jana saa 2 asubuhi umetumwa ujumbe wa fungu B:

"Shikamoo bosi. Wavu wa K4 haubebi msimu mwingine, picha hizo hapo. Mpya umo ndani ya kikomo cha mwezi. Tunaufunga Jumamosi kabla ya vifaranga. Msimamizi."

Tiki mbili, hakuna jibu. Leo Jumamosi saa 2 asubuhi saa 24 zimetimia. Wavu mpya umeshapakiwa kwenye mtumbwi.

K1 5/4 K3 5/2 J26 U160 G22